Inapitika kwa Ruhusa

2 Machi

Kosa wanalofanya watu wengi wanapoanza kuchora ramani kwa simu ni kuchora wakiwa wamekaa. Wanafungua programu, wanatazama picha iliyopigwa kutoka angani, wanaona mstari mweupe kati ya mapaa, na papo hapo wanauita barabara. Picha ile ilipigwa zamani. Mstari ule leo huenda ni msingi wa nyumba, au mtaro, au uwanja wa jirani aliyejenga ukuta mwaka jana. Ramani tunayoichora sisi ni ya watu wote. Yeyote anaweza kuongeza na yeyote anaweza kufuta, na kinachoizuia isiwe porojo ni kwamba aliyeandika alikwenda kwa miguu akaona.

Kikundi chetu cha mtaa kimeniomba niwaandikie mwongozo. Nimefundisha jiografia mpaka nikastaafu, na vitabu vya mwongozo vimenichosha. Nitaandika shajara ya msimu huu wa mvua. Wenzangu watachota humo kitakachowafaa na kingine watakiacha.

3 Machi

Mawingu tu. Nimepita barabara kuu nikijibu maswali ya programu kuhusu taa. Inauliza kama nguzo ina taa. Haiulizi kama taa inawaka.

5 Machi

Leo nieleze kwa nini nina haraka. Nyumba yangu iko bondeni, na gari linaweza kufika kwangu kwa njia tatu. Ya kwanza ni barabara ya chini, inayopita juu ya kalvati ya kijito. Kijito kikijaa, kalvati haionekani na barabara imekwisha. Ya pili ni njia ya juu, nyembamba, lakini gari hupita likikunja vioo vya pembeni. Ya tatu inazunguka kilima kupitia machimbo ya mawe. Ni ndefu na ina mashimo, ila maji hayaifikii hata siku moja.

Binti yangu, kitindamimba, amerudi kwangu kujifungulia. Mumewe anafanya kazi mbali. Mtoto wake wa kwanza alitoka kwa upasuaji baada ya shida kubwa, na safari hii daktari amemwambia mbele yangu kwamba uchungu ukianza asisubiri hata chai ichemke. Zahanati ina gari moja la wagonjwa na dereva mpya, kijana mpole asiyeujua mtaa huu. Nimemwona akiendesha: simu ameifunga kwenye dashibodi na ramani iliyomo ni yetu. Kila Jumapili anaipakua upya, kwa sababu mvua ikinyesha mtandao nao hulala.

Kwa hiyo nikisema njia fulani inapitika, siandiki insha. Namshikia kijana yule usukani.

7 Machi

Mdogo wangu anajenga nguzo kwenye njia ya juu.

Mtaa mzima unamwita Mkubwa. Alikuwa na mwili tangu utotoni, na jina likamganda ingawa mimi ndiye niliyembeba mgongoni. Anauza vifaa vya ujenzi. Mwaka jana alinunua kiwanja cha upande wa pili wa njia, kwa hiyo sasa njia inapita katikati ya viwanja vyake viwili. Nilimkuta amesimama na mafundi, nikamuuliza anajenga nini. Akaniambia wezi wa betri za magari wamezidi, anaweka lango, ni lango tu si ukuta, nisiwe na wasiwasi.

Sikuwa nao. Mkubwa ndiye mwanafunzi wangu bora katika kikundi. Alikuwa wa kwanza kuzunguka soko lote na kuandika kila duka, na nilijivuna mbele ya watu kwamba huyo ni wa tumbo moja nami.

9 Machi

Nimeweka bomba la maji la shule kwenye ramani. Linatoka maji asubuhi tu, na nimeandika hivyo.

12 Machi

Lango limefungwa kwenye nguzo zake. La chuma, refu kuliko mtu, juu limechongoka kama mikuki, na limepakwa rangi ya kijani. Kufuli ni kubwa. Watu wa miguu wanapita kwenye upenyo mdogo ubavuni, bega kwanza, mtu aliyebeba mzigo hapiti.

Ukisimama mbele ya lango, programu inauliza nani anaruhusiwa kupita hapa. Majibu ni matatu na wenzangu wayajue vizuri. La kwanza, wazi kwa wote. La pili, inapitika kwa ruhusa, maana yake mahali pana mwenyewe lakini mwenyewe hakatazi mtu. La tatu, binafsi, pamefungwa. Kwa macho ya mtu, la pili na la tatu yanakaribiana. Kwa simu ya dereva ni mbingu na ardhi: kwenye la pili itampitisha, kwenye la tatu itamzungusha kana kwamba kuna ukuta.

Nilishika kufuli, nikalivuta. Nikajibu la tatu.

14 Machi

Mvua imeanza alfajiri, ya kishindo. Nilipofungua ramani nikakuta lango la kijani limeandikwa inapitika kwa ruhusa. Kila badiliko hubeba jina la aliyelifanya, kwa hiyo sikuhitaji kuuliza. Ni Mkubwa.

15 Machi

Nimepanda na mwavuli hadi langoni. Kufuli limefungwa. Nimerudisha: binafsi.

16 Machi

Kwa ruhusa.

17 Machi

Nimekwenda tena, nimelivuta tena, nimerudisha tena. Mvua haikunisubiri nifike nyumbani.

Mshonaji, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta na mtu wa kikundi chetu, alinikuta barazani nikikamua sketi. Yeye mdomo wake haujawahi kushonwa. Alisema anatazama ramani kila siku kama watu wanavyotazama mpira, na kwamba hadi sasa mimi na mdogo wangu tumetoka sare. Kisha akaniambia kilichomuudhi Mkubwa: watu dukani walifungua ramani, wakaona alama nyekundu ya kufuli mlangoni kwake, wakamwuliza kama siku hizi anafuga simba. Naye anataka uenyekiti wa kamati ya mtaa.

18 Machi

Kwa ruhusa.

20 Machi

Nimekwenda dukani kwake mchana, wakati hakuna wateja. Alinivutia kiti mwenyewe, akanifutia vumbi la saruji kwa leso. Sikutaka kuanza kwa ukali.

Nilimweleza kama ninavyoeleza kila mtu. Ramani haiulizi moyo wa mwenye lango ukoje, inauliza lango likoje. Kama limefungwa, limefungwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana hajawahi kunikatiza tangu utoto, kisha akasema:

"Dada, lakini si uongo. Nimemkataza nani? Mtu akija akaomba, nafungua."

"Akikukosa?"

"Atanikosaje? Mimi nakwenda wapi?"

"Basi acha lango wazi, nami nitaandika wazi."

"Nikiandika wazi kwa wote, kesho mtaniambia ni barabara ya umma. Hicho kiwanja nimekinunua. Kwa ruhusa ndiyo haki yangu. Inasema pana mwenyewe, na mwenyewe ni mtu wa watu."

Hapo nikamwelewa, na nikatamani nisingemwelewa. Neno lile lilikuwa tamu kwake pande zote mbili: linamfanya mwenye mali, tena linamfanya mkarimu, na kufuli halihitaji kuguswa. Nilimfundisha mwenyewe maana ya majibu yale matatu. Alikuwa ameshika somo kuliko wote.

22 Machi

Mvua. Magodoro yananuka unyevu. Binti yangu ameanza kuvimba miguu.

24 Machi

Kijito kimepanda juu ya kalvati. Nimeiandika barabara ya chini kuwa imefungwa kwa mafuriko, na nimepiga picha nikaiambatisha. Sasa zimebaki mbili: ya juu na ya machimbo.

26 Machi

Mkubwa na mkewe walikuja kwangu leo mchana. Wifi yangu ni mwanamke mtaratibu, sauti yake ukiwa chumba cha pili huisikii. Hajawahi kuja mikono mitupu. Leo alimletea binti yangu kanga mbili mpya za kumpokelea mtoto, akazikunja upya mbele yetu mara mbili kana kwamba hazijakaa sawa. Mimi huwa nasema huyu ndiye bahati aliyoipata mdogo wangu.

Maneno yalianza taratibu. Mkubwa alisema watu wanacheka, dada na kaka wanagombana ndani ya simu. Nikasema sigombani, nasahihisha. Akasema hata kusahihisha kuna heshima yake. Binti yangu alikuwa amelala kwenye mkeka na mto mgongoni, akanigeukia akasema, "Mama, ni mjomba wangu. Muachie."

Nikamuuliza Mkubwa, mbele ya mkewe na mbele ya mwenye tumbo, kama yuko tayari kuacha kufuli wazi msimu mzima wa mvua. Akasema kwa haki ya marehemu mama yetu, kufuli litaning'inia tu, mtoto mdogo ataweza kulitoa. Wifi alikuwa akitazama kanga.

Nimeacha neno lake likae kwenye ramani. Wenzangu wa kikundi, mkifika hapa msome polepole. Sikuandika nilichokiona. Niliandika nilichoahidiwa, na aliyeniahidi ni damu yangu, kwa hiyo nikaona ni kitu kimoja.

27 Machi

Nimekwenda kuangalia. Kufuli linaning'inia wazi. Nimefurahi peke yangu kama mjinga.

29 Machi

Linaning'inia.

Jumapili, 31 Machi

Linaning'inia. Nimemkuta dereva wa zahanati akisubiri mafuta, nikamwonyesha kwa kidole kwenye simu yake: ya chini imekufa, ya juu inapitika, ya machimbo ni ya akiba. Alipakua ramani hapo hapo nikimwona. Akaniita mama na akanishukuru.

2 Aprili

Goti linanisumbua kwa baridi. Njia ya kwenda langoni ni tope tupu. Sikwenda.

3 Aprili

Sikwenda.

5 Aprili

Mshonaji ana habari. Lori la mchanga lilipita njia ya juu jana, dereva wake naye anafuata simu, likakwaruza nguzo ya lango la Mkubwa na kung'oa rangi. Mkubwa alitoka na kandambili mkono mmoja, akimfukuza dereva kwa maneno yasiyosemeka. Mshonaji aliigiza mwendo wake mpaka binti yangu akashika tumbo kwa kucheka, nikamwambia asimzalishe mtu kabla ya siku zake.

Nilisema moyoni nipite kesho niangalie kufuli.

6 Aprili

Mvua ya siku nzima. Sikutoka.

7 Aprili

Kama jana. Simu haina mtandao tangu mchana. Binti yangu hana hamu ya kula.

11 Aprili

Nimeshindwa kuandika mpaka leo. Nitaandika kwa mpangilio, maana mpangilio ndio uliobaki.

Siku ya tarehe nane uchungu ulimwanza asubuhi, baada ya kuoga. Alinyamaza kwanza, akijidanganya ni mgongo. Nilipomwona ameshika meza kwa mikono miwili nikapiga simu zahanati. Mtandao ulikuwepo kwa muda mfupi, ukatosha. Dereva akasema anatoka sasa hivi. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba nilirudia kila neno.

Tulimvalisha, mimi na mshonaji. Tulimweka kwenye kiti karibu na mlango, kanga za wifi zikiwa ndani ya mfuko. Baada ya muda nikasikia honi kutoka juu, mbali kidogo, nikamwambia binti yangu gari hilo limefika. Akatabasamu. Honi ikalia tena. Ikalia tena, palepale. Gari linalokuja, sauti yake husogea. Ile haikuwa inasogea.

Nilipanda. Goti sikulikumbuka. Nilipokaribia niliona taa za gari zikipita kati ya vyuma vya lango, na dereva amesimama kwenye mvua bila koti, ameshika kufuli. Lilikuwa limefungwa.

"Mama, ramani inasema panapitika," aliniambia. Hakusema kwa kunilaumu. Alisema kama mtoto anayemwonyesha mwalimu kwamba hesabu aliifuata vizuri.

Nilimpigia Mkubwa. Simu haipatikani. Nikaokota jiwe nikagonga lango, nikaita "Wifi!" kwa sauti ambayo sikujua bado ninayo. Nyumba yao iko hapo hapo, dirisha la sebule linatazama lango. Pazia limefungwa. Hakuna aliyeitika, nikasema basi hayupo, wamekwenda wote. Dereva alileta chuma cha kufungulia magurudumu, akakipachika kwenye kufuli, akaning'inia nacho kwa uzito wake wote. Chuma kilipinda. Vifaa vya duka la mdogo wangu ni imara, kila mtu anasema hivyo.

Kumleta mgonjwa pale kwa miguu haikuwezekana. Mtu mzima mwenye tumbo lile hapiti kwenye upenyo wa ubavuni, na juu ya lango kuna mikuki. Dereva akasema atazunguka machimbo. Njia ni nyembamba, gari haligeuki; ilimbidi arudi kinyumenyume njia nzima, kichwa nje ya dirisha, mvua ikimpiga machoni. Kabla hajaondoka alinitazama akasema neno ambalo nalisikia hata sasa ninapoandika.

"Ningejua pamefungwa, ningeshika ya machimbo tangu nilipotoka."

Nilirudi kwa binti yangu nikamwambia linakuja. Aliniuliza kwa nini honi imeacha. Nikamwambia linazunguka. Akauliza linazunguka nini. Mshonaji alikuwa amepiga magoti akimshika miguu.

Gari lilifika. Mpaka hospitali dereva hakukosea njia hata mara moja. Walimwingiza chumba cha upasuaji akiwa na viatu vyake. Alipotoka alikuwa hai. Mtoto alikuwa wa kike, ametimia kila kitu, na hakulia. Daktari alinieleza kwa upole kwamba kovu la zamani lilipasuka, kwamba wangemwahi mapema kidogo mambo yangekuwa mengine. Nilimshukuru. Tunawashukuru watu kwa mambo ya ajabu.

13 Aprili

Mvua imepungua. Binti yangu amerudi nyumbani. Maziwa yamemjaa.

14 Aprili

Watu wamekuja kutupa pole. Mkubwa naye alikuja, na kabla hajakaa alilia, machozi ya kweli. Sitasema uongo juu ya hilo. Alikuwa amesafiri kufuata mzigo, alisema, na simu ilimwishia chaji njiani. Tulikaa. Watu walipokosa maneno, kama wanavyokosa, yeye akayapata. Alianza kuzungumzia simu. Alisema hizi simu ndizo zinazotumaliza; siku hizi dereva anaacha macho yake na kufuata kioo. Zamani mtu aliuliza njia, akaelekezwa na watu. Wazee waliokuwa karibu naye waliitikia kwa vichwa. Mmoja akasema kweli kabisa, hata mjukuu wake alipotezwa na simu. Mwingine akaongeza la kwake. Nikawaona wanaafikiana, na lango la kijani limetoweka kwenye mazungumzo kama halijawahi kujengwa.

Nilikuwa natafuta pa kuanzia. Sauti ikatoka chumbani, mlango ukiwa wazi, kutoka kwa mtu aliyelala chali.

"Mjomba, na kufuli lilikuwa la simu?"

Mkubwa alikunja leso yake, akaikunja tena. Kisha akasema, si kwake bali kwa wale wazee, kwamba mtoto ana uchungu, asijibiwe. Wakaitikia tena.

Huyu nilimbeba mgongoni.

15 Aprili

Mshonaji anataka tuandike kwenye ramani, pale langoni, jambo lililotokea na jina la mwenye lango, dunia nzima isome. Nimemkatalia. Ramani si mahali pa kulaani watu. Tukiigeuza hivyo leo kwa sababu tuna haki, kesho ataigeuza mwenye chuki tu. Nimeandika kitu kimoja: binafsi, pamefungwa. Kwenye nafasi ya maelezo nimeongeza: gari la wagonjwa lisipite hapa, lipite machimbo.

Mshonaji aliniambia mimi nina moyo wa mbao. Pengine.

16 Aprili

Haijabadilishwa.

17 Aprili

Haijabadilishwa. Nimepita langoni. Pale lori lilipokwaruza pamepakwa rangi mpya.

19 Aprili

Wifi amekuja leo, peke yake, mikono mitupu. Sikuwahi kumwona hivyo, nikajua kuna jambo. Binti yangu alikuwa amelala. Nilimkaribisha jikoni, akakataa kiti, akasimama karibu na dirisha akishika ukingo wake.

Alianza kwa kuniuliza hali. Nikamjibu. Akaniuliza tena, yaleyale. Nikamwambia, "Wifi, sema."

"Siku ile nilikuwemo ndani."

Nilidhani sijasikia vizuri, kwa sauti yake ile. Nikamuuliza ndani ya wapi.

"Sebuleni. Nyuma ya pazia. Nilikusikia unaniita."

Nilikaa mimi, kwa kuwa yeye hakutaka kukaa. Akaendelea kueleza bila kulia, kama mtu aliyekariri. Baada ya lile lori, mumewe alifunga kufuli na kumwachia ufunguo wa pili wakati wa kusafiri, akamwambia akirudi akakuta gari limepita pale, atafute pa kwenda. Alisema asimfungulie yeyote, magari yakishazoea kupita, njia imekwenda na kiwanja kimekwenda. Akasema pia, ramani isiguswe, ibaki vilevile, uchaguzi wa kamati umekaribia. Honi ilipolia alifikiri ni lori tena. Alipochungulia akaona gari la wagonjwa. Likamjia wazo la kufungua na wazo la kutafuta pa kwenda, yote kwa wakati mmoja. Akashika ufunguo. Akafika mpaka mlangoni kwake.

"Kisha?"

"Kisha gari likarudi nyuma."

Nikamuuliza kwa nini ananiambia sasa. Akasema hapati usingizi. Akatoa ufunguo kwenye upindo wa kanga, akauweka juu ya meza, kati ya chumvi na kibiriti. "Uchukue, wifi. Yeye hajui. Mwingine akiugua, ufungue."

Nilikuwa nimemwona mwanamke huyu kwa miaka mingi kuwa mtaratibu. Utaratibu wake sikuwahi kuuliza umetoka wapi. Nilitaka kumchukia, ingekuwa rahisi, na kwa kiasi fulani nilifanikiwa. Nilimwambia aende kabla binti yangu hajaamka. Akaenda, akipita bega kwanza kwenye mlango wangu ambao uko wazi kabisa, kwa mazoea ya ule upenyo wao.

20 Aprili

Kumekucha bila mvua. Kijito kimeshuka na kalvati inaonekana. Nimeondoa alama ya mafuriko kwenye barabara ya chini, baada ya kwenda kusimama juu yake.

Mkubwa ametangazwa mwenyekiti wa kamati ya mtaa jana jioni. Watu walimpigia makofi. Mshonaji alikuwepo, ameniambia hata aliahidi kutengeneza kalvati.

Asubuhi nimechukua ufunguo nikaenda langoni, mbele ya dirisha lile lenye pazia, nikafungua kufuli na kulifunga tena ili nijue ni wenyewe. Ni wenyewe. Uligeuka bila shida, kwa vidole viwili. Sikubadilisha kitu kwenye ramani: lango limefungwa, na limeandikwa limefungwa. Kisha nilikwenda zahanati nikampa dereva ufunguo mkononi, mchana kweupe. Wifi hakuniomba nifanye hivyo, na huenda nimemponza. Nimelijua hilo nikiwa njiani kwenda, na bado nilikwenda.

Mwongozo wenu unaishia hapa. Programu itawauliza kama lango lina kufuli, na itawauliza nani anaruhusiwa kupita. Mtajibu vizuri, najua, nimewafundisha. Lakini haina swali la nani anaushika ufunguo mwenyewe akisafiri, wala la mtu huyo anamwogopa nani. Hayo hayaonekani kutoka angani na hayaonekani ukisimama barabarani. Lazima ubishe hodi.

Kwa hiyo leo, kabla hujafungua simu, nenda kwenye lango lililo karibu zaidi na nyumba yako, gonga, na uulize ufunguo wake unakaa kwa nani.